Figo zikifeli: mashine mara tatu, mashine kwa majaribio, au tiba shufaa bila mashine?

Daktari akishasema figo zimefika hatua ya tano, yaani ya mwisho, familia nyingi za Dar es Salaam husikia swali moja tu: mtaimudu mashine ya kusafisha damu au hamtaimudu? Swali hilo limekaa vibaya. Linamfanya asiye na pesa aonekane hana tiba, na mwenye pesa aonekane hana cha kuamua. Njia zipo tatu, na zote ni tiba: mashine mara tatu kwa wiki, mashine kwa majaribio, na tiba shufaa, yaani ya kutuliza dalili, bila mashine. Ipo na ya nne, ambayo hakuna anayeichagua lakini wengi ndimo wanamoishia; nayo nitaisema mahali pake.

Kabla ya kulinganisha, kuna wagonjwa wa aina mbili ambao hesabu yao ni tofauti. Wa kwanza ni yule ambaye figo zimefeli ghafla: malaria kali, kuhara sana, matatizo ya uzazi, dawa za maumivu zilizomezwa kwa wiki nzima, au mitishamba. Figo za namna hiyo zinaweza kuamka, na mashine kwake ni ya muda. Huyo msikae kikao cha ukoo kwanza. Asafishwe damu, mengine baadaye. Wa pili ni mgonjwa mwenye nguvu ambaye ana kaka, dada au mzazi aliye tayari kumpa figo. Muhimbili walianza kupandikiza Novemba 2017, na Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Figo hutoka kwa ndugu aliye hai, na dawa za kuzuia mwili usiikatae humezwa maisha yote. Kama mlango huo upo, ulizeni mapema, kwa sababu mashine inakuwa ya kusubiria na si ya kudumu.

Waliobaki ndio wengi: figo zimechakaa taratibu kwa kisukari au presha, kipimo cha uchujaji kiko chini ya 15, na hazitarudi.

Tunapima kwa nini

Nitatumia vigezo vitano kwa kila njia: muda wa kuishi, mwili unavyojisikia, pesa na safari, mzigo wa nyumbani, na kinachotokea mambo yakikwama. Muda nimeutanguliza kwa sababu ndio unaoulizwa kwanza, si kwa sababu ni mkubwa kwa kila mtu. Bibi mmoja wa Mbagala aliulizwa na daktari anataka nini. Akasema anataka kumuona mjukuu wake akimaliza darasa la saba, na hataki kufia kwenye bajaji. Wanawe walicheka kidogo, kisha wakanyamaza. Jibu lile lina vigezo viwili ndani yake, na havivuti upande mmoja.

Njia ya kwanza: mashine mara tatu kwa wiki

*Muda.* Kwa kijana au mtu wa makamo hii ndiyo inayotoa miaka. Mtu wa miaka 35 asiyekojoa tena, bila mashine ana siku au wiki chache, na asiyemwambia hivyo anamficha. Kwa mzee mdhaifu mwenye magonjwa mengine mambo hubadilika. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009 uliwafuatilia wazee waliokuwa wakiishi kwenye nyumba za kulelea na wakaanzishiwa mashine. Ndani ya mwaka mmoja asilimia 58 walikuwa wamefariki, na asilimia 13 tu ndio walibaki na uwezo wa kujihudumia waliokuwa nao mwanzo. Tusiubebe utafiti huo kupita uzito wake: wale walikuwa wazee wa kulelewa. Mzee wa miaka 74 anayekwenda mwenyewe Kariakoo na kurudi si mmoja wao.

*Mwili.* Pumzi hufunguka, kichefuchefu hupungua, kichwa hurudi kufikiri. Kila awamu huchukua kama saa nne, na wengi siku hiyo hawana nguvu tena hadi kesho yake. Presha inaweza kushuka mtu akiwa bado kitini, na misuli ya miguu ikakaza. Damu hupitia mshipa ulioungwa mkononi, yaani fistula, au mpira uliowekwa shingoni. Fistula ni salama zaidi lakini inahitaji wiki kadhaa za kukomaa kabla ya kuchomwa. Kwa kuwa tunafika tumechelewa, wengi huanza na mpira, na mpira hualika wadudu. Homa na kutetemeka kwa mwenye mpira ni safari ya hospitali siku hiyohiyo, si ya kusubiri kliniki ya Jumatatu.

*Pesa na safari.* Chukueni bei mliyoambiwa nyinyi. Kwa mfano tu, awamu ikiwa laki mbili, mara tatu kwa wiki ni milioni 31 na laki mbili kwa mwaka, kabla ya vipimo, sindano za kuongeza damu na usafiri wa watu wawili kwenda na kurudi. Mwenye bima asiishie kusema "bima ipo". Mtu mmoja aende na kadi akaulize: kifurushi hiki kinalipa awamu ngapi kwa wiki? Sindano za damu zimo? Kadi inaisha lini, na nani anaihuisha? Nimeona familia iliyokuwa na kadi safi ikakwama kwa sababu mwajiri alichelewesha michango. Asiye na bima aende ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla deni halijakua, siyo baada.

*Nyumbani.* Kuna kazi ya chakula na maji, na ni kazi kweli. Maji ya siku hupimwa kwenye chupa, nayo ni pamoja na chai, uji na mchuzi. Potasiamu, madini ya chakula ambayo yakizidi hutishia moyo, hudhibitiwa: viazi na mchicha huchemshwa kwanza, maji yakamwagwa, ndipo vikaungwa. Dafu, ambalo kila jirani atakushauri kwa kuwa "linasafisha figo", lina potasiamu nyingi na ni hatari. Juisi ya birimbi nayo iacheni kabisa. Imewahi kuripotiwa kuumiza hata figo zenye afya kwa asidi yake ya oksaliki.

*Ikikwama.* Hapa ndipo njia hii haina huruma. Hata kwa wanaosafishwa mara tatu bila kukosa, takwimu za Marekani zilizochapishwa mwaka 2011 zilionyesha vifo vikipanda baada ya lile pengo la siku mbili la mwisho wa wiki. Ikiwa siku mbili zinatosha kuonekana kwenye takwimu, wiki nzima ya kukosa si jambo la kuchukulia kirahisi.

Inamfaa mgonjwa ambaye mwili wake nje ya figo bado uko imara, anayeitaka mwenyewe, na ambaye chanzo cha malipo kinaonekana mwaka mzima mbele.

Njia ya pili: mashine kwa majaribio, au mara mbili kwa wiki

Nimeziweka pamoja kwa sababu zote mbili zinahitaji kitu ambacho hatukizoei, kupanga tarehe ya kuangalia tena. Majaribio maana yake mgonjwa anaanza mashine kwa muda uliokubaliwa, tuseme wiki sita hadi kumi na mbili, na malengo yanaandikwa: aweze kutembea hadi msikitini au kanisani, ale bila kutapika, alale usiku. Tarehe ikifika mnakaa na daktari na kuuliza kama yametimia. Mara mbili kwa wiki ni kwa mgonjwa ambaye figo zake bado zinatoa mkojo wa kutosha.

*Muda.* Kwa anayekojoa vizuri, mara mbili inaweza kumbeba kwa kipindi kizuri, mradi mkojo unapimwa mara kwa mara. Ukipungua, ataongezewa awamu. Kwa majaribio, muda unategemea mtakachoamua tarehe ile.

*Mwili.* Kama njia ya kwanza, ila kwa wa mara mbili siku za uchovu ni chache. Mara nyingi majaribio huonyesha jambo ambalo mazungumzo hayawezi: mzee aliyesema hataki mashine anashangaa kupata pumzi na kuanza kuuliza habari za shamba, au aliyeitaka sana anagundua hawezi kukaa saa nne na mgongo wake.

*Pesa na safari.* Kwa mfano ule ule wa laki mbili, mara mbili kwa wiki ni milioni 20 na laki nane kwa mwaka. Majaribio ya wiki nane kwa awamu tatu ni milioni nne na laki nane, kiasi ambacho ukoo unaweza kukijua mwanzo na mwisho wake kabla ya kuuza chochote.

*Nyumbani.* Kazi mpya ni kidumu. Mkojo wa saa 24 hukusanywa wote, kuanzia wa pili wa asubuhi hadi wa kwanza wa kesho yake, na mgonjwa akisahau mara moja chooni kipimo kinaharibika. Mwekeeni kidumu palepale anapojisaidia, na mtoto mmoja mwenye akili apewe kazi ya kukumbusha. Wajukuu ni hodari kwa hili kuliko sisi.

*Ikikwama.* Hatari yake ni tarehe kupita kimya. Majaribio yasiyokaguliwa hugeuka kuwa njia ya kwanza isiyo na bajeti. Hatari nyingine ni kuitumia mara mbili kwa sababu ya pesa ilhali mkojo umeshakatika. Daktari akisema mkojo hautoshi, hilo si suala la kuombana punguzo la awamu.

Inamfaa anayesitasita, mgonjwa mzee ambaye haijulikani mashine itampa nini, na familia isiyokubaliana. Kaka aliye nje ya nchi anayesema kwenye simu "mnamuua baba" hutulia zaidi akisikia kuna majaribio yenye tarehe kuliko akisikia "tumeamua kutofanya".

Njia ya tatu: tiba shufaa ya figo bila mashine

Hii ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo zaidi. Mgonjwa hapelekwi nyumbani kusubiri. Anaendelea na kliniki, presha inadhibitiwa, kisukari kinafuatwa (dozi ya insulini mara nyingi hupunguzwa, kwa kuwa figo mbovu huchelewa kuiondoa mwilini), damu inapandishwa kwa chuma na sindano pale zinapopatikana, na kila dalili inatafutiwa dawa yake.

*Muda.* Unategemea figo zimebakiza nini. Wazee walioichagua njia hii katika nchi zenye kliniki zilizopangika wameishi miezi mingi, wengine mwaka na kupita, wakihesabu kuanzia kipimo kiliposhuka chini ya 15. Kwa wenye umri wa zaidi ya miaka 75 na ugonjwa wa moyo juu yake, tafiti kadhaa zimeonyesha faida ya mashine katika kurefusha maisha ikipungua sana, pengine ikipotea. Kwa asiyekojoa kabisa, muda ni mfupi bila kujali umri.

*Mwili.* Kuwashwa ndiko kunakowatesa wengi na ndiko kunakodharauliwa zaidi. Mafuta ya kupaka asubuhi na jioni, maji yasiwe ya moto, kucha zikatwe, na usiku gabapentini kwa dozi ndogo sana, maana figo hazina tena nguvu ya kuitoa. Kichefuchefu kina metoklopramidi au haloperidoli kwa dozi ndogo. Miguu na mapafu yakijaa maji, furosemidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Lasix, hutolewa kwa dozi kubwa kuliko kawaida, chumvi ikipunguzwa hasa, pamoja na ng'onda na magadi kwenye mboga. Pumzi ikibana mgonjwa aegemezwe kwenye mito, dirisha lifunguliwe, feni ielekezwe usoni. Feni usoni ni tiba inayofahamika. Hewa inayopita mashavuni hupunguza kweli ile hisia ya kukosa pumzi.

Maumivu yana kanuni zake. Parasetamoli ndiyo ya kuanzia. Diklofenaki na ibuprofeni zisiguswe, hata kama duka la dawa la mtaani wanatoa bila kuuliza; zinamalizia kile kidogo figo ilichobakiza. Morphine ya kunywa inaweza kutumika, ila mabaki yake hutoka kwa njia ya figo, kwa hiyo dozi huwa ndogo na mapengo huwa marefu kuliko ya mgonjwa wa saratani. Mgonjwa akianza kusinzia kupita kiasi au misuli kushtukashtuka, daktari apigiwe kabla ya dozi inayofuata. Na kwa kila dozi ya morphine iwepo dawa ya kulainisha choo. Hofu kwamba morphine ni "dawa ya kumalizia" ipo, na huwafanya ndugu waifiche kabatini wakati mgonjwa analia. Ikitolewa kwa dozi sahihi kazi yake ni kutuliza maumivu na pumzi.

*Pesa na safari.* Ni nafuu kuliko njia nyingine, lakini si bure: dawa, vipimo vya damu, bodaboda ya kufuata dawa. Faida kubwa ni kwamba nyingi ya safari hizo anaweza kuzifanya mwingine, mgonjwa akabaki Chanika au Kigamboni kwenye kivuli chake. Anzeni kliniki ya figo, Muhimbili au Mloganzila, na muulize nani pale amesomea tiba shufaa. Ocean Road wana uzoefu mrefu wa tiba shufaa na morphine, ingawa wagonjwa wao ni wa saratani. Kisha ombeni barua ya kueleza mpango, ili hospitali ya rufaa ya karibu, iwe Amana, Temeke au Mwananyamala, isianze upya usiku mtakapofika na mgonjwa anahema.

*Nyumbani.* Mzigo wa pesa unageuka kuwa mzigo wa mikono. Kuna kuogesha, kugeuza, kukesha. Kwa kawaida unamwangukia binti mmoja au mkwe mmoja, na wengine wanatuma pesa ya sabuni na maelekezo mengi. Pangeni zamu kwa majina. Chakula nacho hulegezwa kadiri ugonjwa unavyosonga: mgonjwa aliyebakiza wiki chache akitamani kipande cha embe, apewe kipande cha embe.

*Ikikwama.* Dalili zikizidi usiku na hakuna dawa nyumbani, familia hukimbilia dharura, na huko mgonjwa hupewa mpira wa shingoni ambao hakuutaka. Dawa za kutuliza pumzi na fadhaa ziwepo ndani mapema, na namba ya simu ya kliniki iandikwe ukutani.

Inamfaa mzee mwenye magonjwa mengi, aliyekwisha kusema hataki mashine, na yule ambaye mashine haipatikani kwa uhakika wowote na ambaye anastahili kuambiwa hivyo kwa upole badala ya kuzungushwa.

Njia ambayo hakuna anayeichagua

Kiwanja cha Chanika kinauzwa. Kundi la michango la WhatsApp linajaa wiki ya kwanza, linapungua mwezi wa pili. Mara tatu inakuwa mara mbili, kisha mara moja, kisha "tukipata". Kati ya awamu moja na nyingine maji yanajaa kwenye mapafu, potasiamu inapanda hadi kutishia moyo, na mgonjwa anafika kila mara akiwa hoi. Anabeba maumivu ya njia ya kwanza bila faida yake, wala hapati dawa za njia ya tatu, kwa kuwa kila mtu bado anasema yuko kwenye mashine. Kwa maoni yangu hili ndilo la kuogopa kuliko kuchagua vibaya kati ya zile tatu. Pesa ikionekana inakata, rudini kwa daktari ikiwa bado ipo ya awamu kadhaa, ili kuhama njia kupangwe.

Kwa hali yenu

Kama mgonjwa bado hajaambiwa, anzieni hapo. Mazoea yetu ya kumficha mzee ugonjwa wake yana nia njema, lakini huwezi kumchagulia mtu njia ya mwili wake kisha ukamtaka ajizuie maji. Mwambieni kwa kiasi anachouliza, na mtu anayemheshimu awepo.

Kama kinachowazuia ni dini, ulizeni wenye elimu, msikisie. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kifungu cha 2278, inakubali kuachwa kwa tiba yenye mzigo usiolingana na matokeo yanayotarajiwa. Kwa Waislamu, wanazuoni wengi hawahesabu matibabu kuwa wajibu pale faida yake isipokuwa na uhakika. Shehe wenu akisikia hali halisi kutoka kwa daktari, atawajibu vizuri zaidi kuliko akisikia tu "anakataa tiba".

Kama mgonjwa ni kijana au wa makamo na malipo yapo, mashine mara tatu, na ndugu wapimwe kwa ajili ya kupandikiza. Malipo yakiwa hayapo, ustawi wa jamii na hesabu ya mwaka mzima vitangulie mchango wa kwanza, na tiba shufaa ianze siku hiyohiyo, kwa sababu haizuii mashine kuja baadaye.

Kama ni mzee mwenye nguvu zake na hamna uhakika, chagueni majaribio, tarehe iandikwe kwenye kadi ya kliniki. Kama ni mzee aliyelala kitandani tangu kiharusi cha mwaka jana, muulizeni daktari waziwazi: mashine itamrudishia nini? Jibu likiwa ni siku zaidi za hali ileile, muulizeni mgonjwa kama anazitaka. Wengine watasema ndiyo, na ndiyo yao iheshimiwe.

Na kama yuko kwenye mashine tayari na anasema amechoka, kwanza daktari aangalie kama kuna sonona, maumivu au upungufu wa damu unaotibika. Akishatibiwa na bado anasema hivyo, akiwa na akili timamu, kuacha kunaruhusiwa na kunapangwa. Baada ya awamu ya mwisho wengi huishi kama wiki moja hadi siku kumi, zaidi kidogo kwa anayekojoa. Dawa ziletwe nyumbani kabla ya siku hiyo, na ndugu wa Songea na Bukoba wapigiwe simu mapema kiasi cha kuwahi basi.